Yah: Shukrani kwa Kifungu Chenu cha 9(b)

Kwa Mkuu wa Idara ya Sheria,
Kampuni inayoandaa shindano la picha na hadithi fupi mtandaoni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

 Mimi ni mtunzi wa hadithi fupi na mpiga picha wa siku za mapumziko, mkazi wa mji ambao tangazo lenu limeufikia kwa redio, kwa mabango na kwa makundi ya WhatsApp, wakati mwingine kwa njia zote tatu ndani ya saa moja. Nakuandikia kukujulisha kwamba nimeyasoma masharti ya shindano lenu. Nimeyasoma yote. Najua taarifa hii itakushangaza, kwa sababu yameandikwa na mtu asiyetarajia mgeni: herufi ndogo, kijivu juu ya kijivu, na aya moja inayoanza asubuhi na kuisha jioni. Redioni mtangazaji wenu anaitaja zawadi kwa utulivu, anairudia, anaiwekea muziki. Ikifika zamu ya "vigezo na masharti kuzingatiwa", anaipitia kwa kasi ambayo sidhani kama yeye mwenyewe husikia alichosema.

Sikuwasilisha kazi yoyote. Nimekuja kushukuru tu, na kuuliza mawili matatu, kwa kuwa kuuliza si ujinga.

Nianze na zawadi. Simu janja moja kwa mshindi wa kwanza, begi lenye nembo ya kampuni kwa wawili wanaomfuata, cheti, na kwa washiriki wengine wote mmeahidi jukwaa. Jukwaa ndilo malipo makuu ya sanaa huku kwetu. Msanii wa Afrika Mashariki ameshapewa majukwaa mengi kiasi kwamba angeyabomoa yote angepata mbao za kujengea nyumba. Hadi atakapojenga, mwenye nyumba wake anaendelea kudai kodi kwa shilingi.

Kifungu cha 9(a) kinasema mshiriki atabaki kuwa mmiliki wa hakimiliki ya kazi yake. Nilipofika hapo nilivua miwani, nikaifuta, nikarudia. Kampuni kubwa namna hii, yenye wanasheria na viyoyozi, imenihakikishia kwa maandishi kwamba hadithi niliyoitunga ni yangu! Vijana wengi husoma mpaka hapo, roho ikatulia, wakabonyeza "Nakubali". Na hapo ndipo ufundi wako unapoonekana, Mheshimiwa, maana 9(b) inaanza mstari unaofuata.

Kwa faida ya wasioifikia: kwa kuwasilisha kazi, mshiriki anaipa Kampuni, kampuni zake tanzu, washirika wake na yeyote atakayerithi haki zake, leseni ya dunia nzima, ya kudumu, isiyobatilishika, isiyo ya kipekee, isiyo na mrabaha, inayohamishika na inayoweza kugawiwa wengine, ya kutumia, kunakili, kurekebisha, kukata, kutafsiri, kuchapisha, kusambaza na kuzalisha kazi nyingine kutokana na kazi hiyo, kwa njia yoyote inayojulikana sasa au itakayobuniwa baadaye. Kwa maneno mengine, hati ya shamba iko kabatini kwangu, ina jina langu na muhuri, nikitaka naweza kuitoa kila Idi nikawaonyesha wageni. Kulima, kuvuna, kuuza mazao na kumkaribisha jirani naye avune, hayo mmejitwika ninyi, ili mimi nisichoke.

Ukiuliza kazi ni ya nani, 9(a) ina jibu tamu. Swali lenye mshahara ndani yake ni jingine: nani anaruhusiwa kuifanyia nini, kwa muda gani, na akishachoka nayo anaweza kumpa nani. Jibu la hilo linakaa 9(b), ndiyo maana 9(b) ni ndefu mara saba.

Niruhusu nisifie baadhi ya maneno, maana kazi nzuri isifiwe. "Isiyo ya kipekee" nililidhani neno la unyenyekevu: hawataki yote, wananiachia na mimi nafasi. Kisha nikakumbuka kwamba shindano lenu liko wazi hata kwa ndugu zetu wa Kenya, nikaenda kuangalia sheria yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka mtu anayehamisha hakimiliki, au anayetoa leseni ya kipekee, afanye hivyo kwa maandishi yenye saini. Leseni isiyo ya kipekee haina usumbufu huo. Inaweza kutolewa kwa mdomo, au hata ikachukuliwa kuwa imetolewa kutokana na mwenendo wa mtu tu. Kumbe unyenyekevu ule ulikuwa mlango usiohitaji saini! Sheria hiyohiyo inasema leseni ya namna hii inaweza kufutwa wakati wowote, isipokuwa ikiwa imetolewa kwa mkataba, ambapo itafutika kwa jinsi mkataba wenyewe unavyoruhusu. Nanyi mkataba wenu unasema "isiyobatilishika". Neno moja linafungua, jingine linakomea kwa ndani.

"Ya kudumu" nayo ni ya kupendeza. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yangu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kifo changu, na wala hainidai niisajili kwanza. Ulinzi unaanza kazi inapoumbwa. Baada ya miaka hiyo yeyote anaweza kuitumia. Ninyi mmejipatia ruhusa hata kwa zama ambazo hakuna atakayehitaji ruhusa. Mtu mwenye pupa ya kawaida angeishia kaburini kwangu.

Na hii ya njia zitakazobuniwa baadaye? Mmekumbuka mashine ambazo bado hazijazaliwa, mkamsahau mshindi wa nne. Hata hivyo nakiri mmekuwa na kiasi. Mikataba ya filamu na muziki huko Marekani mara nyingi huomba haki kwa ulimwengu mzima, na nyota zake, ili mtu asije akafungua sinema Mirihi bila kulipa. Ninyi mmeishia duniani.

Sasa nije kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyonikalisha kitako. Kifungu hakisemi kazi zitakazoshinda. Kinasema kila kazi itakayowasilishwa. Tuseme wamejitokeza watu 2,000 na kila mmoja ametuma picha tatu. Hizo ni picha 6,000 za masoko, harusi, ngalawa, watoto wa shule na mama lishe, kutoka Kigoma hadi Pemba, kwa bei ya simu moja na mabegi mawili. Kalenda ya mwaka ujao imepatikana, mabango yamepatikana, vifungashio na ripoti ya mwaka vimepatikana. Kazi ya namna hiyo zamani ilitangazwa kama zabuni, mpiga picha akapeleka ankara, akalipwa kwa kuchelewa lakini akalipwa. Idara yenu ya Masoko imeacha kuwaajiri wapiga picha; siku hizi inawapa zawadi. Na anayetuma anatumia bando lake mwenyewe.

Kwa watunzi wa hadithi, mmewaandalia la ziada. Masharti yanasema kila hadithi itakayopokelewa inaweza kuwekwa mtandaoni hadharani ili wasomaji waipigie kura. Vizuri, kura ni demokrasia. Ila Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo inapokea hadithi za Kiswahili pia, inataka hadithi isiyowahi kuchapishwa mahali popote, na mtandaoni ni mahali. Majarida mengi yana sharti hilohilo. Kwa hiyo binti, tuseme aliyeshika nafasi ya 812 kwenu, hajakosa simu tu. Ameondoka na hadithi iliyotumika, asiyoweza tena kuipeleka kwingine kama mpya, na bado ana furaha kwa sababu shangazi zake wote wamempigia kura. Hili, Mheshimiwa, sitalifanyia mzaha zaidi ya hapo. Hadithi nzuri humchukua mtu mwaka mzima, na nafasi ya kuitoa kwa mara ya kwanza huja mara moja tu.

Kifungu cha 9(d) kinamtaka mshiriki aachilie haki zake za kimaadili, yaani haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyetunga na haki ya kukataa kazi yake kuharibiwa. Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania zote zimejiunga nao, una kifungu cha 6bis kuhusu jambo hilo, kilichoongezwa mwaka 1928: mtunzi hubaki na haki hizo hata baada ya kuuza haki zake za kiuchumi. Mwaka huo ulimwengu ulikaa Roma ukaona kuna kitu mtu habaki mtunzi bila hicho. Ninyi mmekitafutia kisanduku cha kuwekea tiki. Najiuliza tu: jina langu lina herufi chache, linapungukiwa nini likikaa pembeni ya picha? Wino? Kwenye skrini hakuna hata wino.

Lakini johari ya masharti haya, kwa maoni yangu, ni kifungu cha 11, na nashangaa hakikupewa nafasi ya juu zaidi. Hapo mshiriki anathibitisha kwamba kazi ni yake, kwamba kila mtu anayeonekana pichani ameridhia, na kwamba mtu yeyote akiishitaki Kampuni kwa sababu ya kazi hiyo, mshiriki ataitetea na kuifidia Kampuni, pamoja na gharama za mawakili. Nilisoma mara mbili nihakikishe sijachanganya nani ni nani. Yule muuza samaki wa soko la Feri niliyempiga picha akiona sura yake kwenye bango lenu, akakasirika na kwenda mahakamani, anayelipa ni mimi. Faida ya bango ni yenu, kesi ya bango ni yangu. Mawakili wenu, ambao nadhani bei zao si za Kariakoo, nitawalipa kutokana na malipo yangu, ambayo ni jukwaa.

Najua hamkuyaandika haya kwa uvivu. Mmesoma historia, nami nimejaribu kusoma mliposoma ninyi. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliiangusha Port-au-Prince. Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti, alikuwa pale pale, akapiga, na jioni ileile akaziweka picha mtandaoni kupitia Twitter na TwitPic. Mtu mwingine akazinakili na kuzipandisha kana kwamba ni zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kwa jina la mtu huyo, likazisambaza, na Getty Images nao wakazisambaza. Morel alipolalamika, aliyetangulia kufungua kesi mjini New York ni AFP, ikiiomba mahakama itamke kwamba haikuvunja haki ya mtu. Hoja yake ilikuwa kwamba masharti ya Twitter yanaruhusu watu kutumia kinachowekwa pale. Januari 2013 jaji akasema hapana: masharti yale hayakuipa AFP leseni yoyote. Novemba mwaka huo jopo la wananchi walioketi kuamua kesi likaagiza Morel alipwe dola milioni 1.2.

Mwingine angesoma kesi hiyo akajifunza kuomba ruhusa. Wewe umejifunza kuandika "washirika wake na yeyote atakayerithi haki zake". Morel aliokoka kwa sababu leseni aliyobonyeza haikumtaja aliyemchukulia. Mshiriki wenu hana pa kuokokea, kwa kuwa mmewataja wote, hata wasiojulikana.

Na Solomon Linda wa Afrika Kusini je? Mwaka 1939 yeye na wenzake walirekodi wimbo wa "Mbube" jijini Johannesburg. Mwaka 1952 alitia saini kuzihamisha haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", yeye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walisaidiwa na nini? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni, ambayo ilizirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Kwa nguvu ya sheria hiyo Disney, iliyoutumia wimbo huo, ikashitakiwa mwaka 2004, na mwaka 2006 pande husika zikafikia makubaliano nje ya mahakama. Nimelitafakari hili kwa muda. Sheria ya mkoloni iliwawaza watoto wa mtunzi. Shindano lenu, ambalo kaulimbiu yake inataja uzalendo mara mbili, halikuwawaza.

Tusibaki kwenye huzuni. Tarehe 1 Aprili 2010 duka moja la michezo ya kompyuta la Uingereza, GameStation, liliingiza katika masharti yake ya mtandaoni kipengele kinacholipatia haki ya kudai roho ya mteja. Wateja wapatao 7,500 walikubali. Aliyekiona kipengele na kukikataa alipewa vocha ya pauni 5. Mwaka 2017 kampuni ya Purple ya Manchester, inayotoa Wi-Fi ya bure, iliweka sharti la saa 1,000 za kazi za jamii, kusafisha vyoo kukiwemo; watu 22,000 wakaridhia, na aliyegundua alikuwa mmoja. Wale walifanya mzaha, na walitangaza kwamba ni mzaha. Nimeyapekua masharti yenu nikitafuta kipengele cha roho, sikukiona. Vyoo pia havimo. Asanteni sana.

Kuna jambo jingine linalonipa matumaini kuhusu taaluma yako: ninyi ni watu wa kusikia, mradi kelele ziwe kubwa. Mwaka 1999 Yahoo iliinunua GeoCities, tovuti ambako watu waliweka kurasa zao, ikaandika kwamba ina haki za kudumu juu ya kurasa za watumiaji. Watumiaji wakahama, Yahoo ikarekebisha. Desemba 2012 Instagram ilitangaza masharti yaliyosomeka kana kwamba picha za watu zinaweza kuingia kwenye matangazo bila malipo. Zikapita siku chache, yakaondolewa. Julai 2025 WeTransfer, inayowasaidia watu kutumiana mafaili makubwa, iliandika maneno ambayo wachoraji na waandishi waliyaelewa kuwa ni ruhusa ya kufundishia akili mnemba kwa kazi zao. Maneno yakafutwa, na kampuni ikasema haikuwa na nia hiyo. Ni jambo la ajabu: lugha ya sheria, ambayo watu husomea miaka mingi ili isiache mwanya, hugeuka kuwa isiyoeleweka siku ileile watu wanapoielewa. Nami nimeona 9(c) yenu inataja "kuboresha mifumo ya Kampuni na ya washirika". Mifumo gani? Kama mnataka kuifundisha mashine kuandika Kiswahili kwa hadithi za vijana wetu, semeni hivyo. Wapo watakaokubali, na wapo watakaouliza mwalimu analipwa ngapi.

Basi naomba yafuatayo, kwa heshima zote. Leseni iwahusu walioshinda tu, na kazi za wengine zifutwe matokeo yakishatoka. Iwe kwa ajili ya kutangaza shindano hili, si kuuza sabuni. Iwe na tarehe ya kuisha; mwaka mmoja unatosha kabisa, miwili nitaguna lakini nitanyamaza. Mkitaka picha kwa kalenda, mpigieni simu aliyeipiga, anayo simu, hata kama si janja. Jina lake likae pale. Kifungu cha 11 kimlaumu mshiriki kwa uongo wake mwenyewe tu, si kwa mliyoyafanya ninyi kwenye bango. Na yule mtangazaji wa redio apewe sekunde kumi zaidi, ayasome masharti kwa sauti ileile anayoisomea zawadi.

Mkiona ni mengi, fanyeni jambo moja tu, halina gharama: badilisheni nafasi za 9(a) na 9(b). Muone ni wangapi watakaofika kwenye kitufe.

Natarajia majibu yenu. Barua hii mnaweza kuichapisha mara moja, katika lugha iliyoandikwa, bila kuikata, ndani ya siku 90 tangu mlipoipokea, baada ya kunitumia malipo tutakayokubaliana. Haihamishiki. Washirika wenu nao waandike kuomba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunzi ambaye hajawasilisha

Nakala:
Idara ya Masoko (picha hamna)
Mtangazaji wa redio (aisome polepole)
Binti wa nafasi ya 812